Wadudu wa Nguruwe, Sahani ya Baba

Tumbo la nguruwe mwitu hutufikia likiwa limeganda kama jiwe, ndani ya mfuko wa plastiki wenye kibandiko. Kazi yangu ni kuliacha liyeyuke, kulipasua, na kumimina kilichomo juu ya chekeche la waya, kisha kukiosha kwa maji mpaka kila kitu kionekane kilivyo: majani yaliyotafunwa, mizizi, mbegu, pengine mguu wa mjusi, na wadudu. Wadudu ndio wangu. Nawaokota kwa kibano mmoja mmoja, nawatia kwenye visahani vyenye spiriti na kuwapanga kwa jamii zao. Mwili wa kiwavi huyeyuka upesi tumboni, lakini kichwa chake hubaki, kigumu na kidogo kama kipande cha pilipili manga, kwa hiyo viwavi nawajua zaidi kwa vichwa. Mbawakawa huacha yale magamba yao ya mgongoni. Sisimizi huja wazima, wamejikunja. Kuhusu harufu sina la kusema. La kuvunda halina ubani.

Kazi hiyo naifanya Ingleburn, katika maabara ndogo iliyobanwa kati ya karakana ya vioo na ghala la matairi. Naishi Minto, kituo kinachofuata kwa treni. Watu wa nyumbani wakiniuliza Sydney nafanya nini, kwa miaka mingi nilijibu "maabara", na neno hilo lina heshima yake, halichimbwi. Walidhani napima damu. Sikuwasahihisha, maana mtu mwenye dhana nzuri juu yangu simnyang'anyi.

Bosi wangu ni mwanamke aliyezaliwa upande wa Mediterania, kwenye misitu ya mialoni, na huko ndiko alikoanza kuwafuatilia nguruwe mwitu. Alinieleza mambo yao kabla hata hajanionyesha choo kilipo. Majira ya kupukutika majani, alisema, nguruwe wa kwao hula kokwa za mialoni mpaka wanang'aa. Lakini kokwa ni mafuta na wanga tu. Ni sawa na mtu anayekula ugali mtupu kila siku: atashiba, hatajenga mwili. Kwa hiyo hufukua ardhi kutafuta mabuu, viwavi waliolala udongoni, nyungunyungu. Kokwa nyingine zina buu ndani yake, na nguruwe akiipata hiyo amepata ugali na mboga kwa mara moja. Ukipima tumboni, wadudu ni kidogo sana, lakini karibu hakuna tumbo wasimokuwemo. Wataalamu wenzake wamegawanyika: wapo wasemao mnyama huwameza kwa bahati mbaya pamoja na majani, wapo wasemao huwatafuta. Yeye alikuja Australia kuuliza swali hilo hilo kwa nguruwe wa huku, ambao babu zao waliletwa na merikebu na leo wanafukua chini ya mikaratusi.

Mimi sikuja na swali. Nilikuja na mgongo. Nilikuwa nimewainua wazee wa watu kitandani kwa miaka, kama tufanyavyo wengi wetu huku, mpaka daktari akanambia nitafute kazi ya kukaa. Hii ilikuwa ya kukaa.

Shida ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba mimi ni binti wa Pangani, mtoto wa watu wa Shafii, na tangu nijue kusema najua kwamba ukiguswa na najisi ya nguruwe kuna maji unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Glavu navaa, na ndefu. Hata hivyo chekeche hurusha maji, na maji hayana adabu. Basi tangu wiki ya kwanza niliweka kopo la mtindi lenye udongo kando ya bomba la nje, na kila nikimaliza kazi nilitoka, nikaosha mikono mpaka viwikoni, mara saba. Wenzangu waliniona, wakafikiri ni usafi wa kwetu. Kijana fundi wa maabara alijaribu mara moja, akasema udongo unasugua vizuri kuliko sabuni.

Mama alipofariki, baba akabaki peke yake na dada yake katika nyumba yetu ya Pangani. Sina ndugu. Nikamwombea visa ya mgeni, akaja. Alifika na kanzu mbili, bakora, na miguu iliyokuwa imeanza kukataa ngazi, na uwanjani pale pale wote wawili tulielewa kwamba safari hii haina ya pili. Akae nami mpaka visa iishe, arudi akazikwe alipozikwa mkewe. Hatukulisema, ila lilikaa nasi mezani. Kwa hiyo nilikuwa na nia moja: nimlishe. Mama alimlisha umri wake wote, sasa ni zamu yangu, na zamu ni fupi. Nilikwenda Blacktown kutafuta unga wa muhogo na bamia ndogo, nikarudi na mifuko hadi vidole vikafa ganzi.

Alikula vizuri. Alikula wali wa nazi akaongeza, akasema mkono wangu umemfuata mama. Nilifurahi kupita kiasi, kwa umri wangu.

Kisha akaja jirani. Ni mama wa Kirundi, alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na moyo wake ni mweupe kiasi kwamba haujui kuficha kitu. Alimkuta baba barazani, akamsalimu, akataka kunisifu.

"Mzee, binti yako yuko na courage sana," akamwambia. "Mimi niliona siku moja ile kazi yake, nilikimbia. Kupasua tumbo ya nguruwe kila siku, si mchezo."

Nilikuwa jikoni nikigeuza chapati. Nilisikia baba akisema "Alhamdulillahi", kwa sauti ile ile ambayo angesema kama angeambiwa kuna mvua. Chakula kilipokuwa tayari aliomba chai kavu na mkate wa dukani. Kesho yake vile vile. Siku iliyofuata nikaacha kujidanganya.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliendelea kuniita mama, kama baba anavyomwita binti mwenye jina la mama yake, aliendelea kuniombea dua nikitoka, na sahani yangu aliisogeza kando kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemhamisha paka aliyelala. Nikampigia simu shehe mmoja wa Tanga, mwanafunzi wa zamani wa baba, nikaweka sauti ya nje ili baba asikie. Shehe akaeleza: kazi ni halali kwa dharura na elimu, glavu ni kizuizi, mikono ikishaoshwa inavyotakiwa ni safi, chakula chake ni chakula. Baba akamshukuru, akamuuliza hali ya watoto. Simu ilipokatika akaniambia, "Hukumu naijua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Sheria imekuruhusu. Tumbo langu ndilo halijakuruhusu."

Alianza kukonda. Jirani akaona, akajilaumu sana, akaanza kumletea maharage na ndizi na dagaa. Huyu mama anakula nguruwe, na halifichi. Ila kambini alikaa mlango kwa mlango na Waislamu, kwa hiyo bila kuambiwa na mtu alinunua sufuria mpya, akaitenga kwa ajili ya mzee. Baba akala. Nilisimama mlangoni nikamwangalia baba yangu akila kwa mkono wa mtu anayekaanga kile ambacho mimi nakichekecha tu, nikasikia wivu, wivu mtupu, wa kitoto. Jioni nikamuuliza. Nilimuuliza kwa ukali, sikuweza kujizuia.

"Mkono wake siujui," akajibu. "Akinipa sahani, naona sahani. Wako naujua tangu ukiwa kama kijiko. Ukinipa sahani nauona mkono, na nikiuona naona ulikotoka. Usinilaumu kwa hilo."

Nilimlaumu.

Siku chache baadaye akaniuliza ule udongo nautoa wapi. Nikamwambia nauchota nyuma ya maabara. Akafikiri kidogo, akauliza maji ya kuoshea matumbo yanamwagwa wapi. Yanakwenda kwenye bomba la taka, nikasema, ila ndoo nyingine, zile za nje, labda... Hakuningoja nimalize. Watu wa pwani tuna msemo kuhusu kuchamba kwingi, siuandiki wote, lakini niliufikiria wote. Asubuhi nikamkuta uani amechuchumaa, ameuvunja udongo wa Minto, ambao ni mfinyanzi mgumu kama kigae, anauponda kwa nyundo. Akauchekecha kwa chekeche langu la unga. Akauanika juani kwenye sinia, akautoa kila jani na kila mdudu, akautia kwenye kopo la mtindi na kuliweka karibu na viatu vyangu. Kopo likiisha alijaza jingine. Chakula changu hakukigusa, lakini udongo wangu wa kuoshea aliushughulikia kama mtu anayechagua mchele wa harusi. Chekeche la unga nikanunua jingine.

Sasa maabara yetu hupokea udongo pia. Walinzi wa msitu wakikuta mahali nguruwe walipofukua, huchota udongo wa pale na wa jirani yake, ili bosi alinganishe wadudu waliokuwepo ardhini na wale walioingia tumboni. Ndiyo njia yake ya kujua kama mnyama anachagua. Udongo huo huja kwenye makopo ya kila aina. Siku moja mvua ilinyesha, nikaliingiza kopo langu ndani nikaliweka kwenye kaunta, na yule kijana fundi, ambaye ni mchapakazi kuliko inavyohitajika, akalikuta. Akalimimina chini ya taa, akalichunguza, akalirudia. Alipomaliza akaenda kumwita bosi.

Niliporudi kutoka kwenye chai niliwakuta wameinamia sinia. Bosi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari ya msiba. Udongo ule haukuwa na kiumbe hata kimoja. Hapakuwa na sisimizi, wala yai, wala mguu wa kitu. Alisema katika maisha yake yote hajapata kuona udongo wa msituni uliokufa namna hiyo, na akauliza nani ameupulizia sumu msitu. Alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya simu ya mkuu wa walinzi.

"Huo ni wangu," nikasema.

Kueleza twahara kwa Kiingereza ni kazi. Nilieleza mara saba ni nini, na kwa nini udongo, na kwa nini baba yangu anauanika. Kijana akawa mwekundu hadi masikioni. Bosi alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akacheka, akaweka simu chini na kusema angependa kumwona huyo mzee anayeweza kumtoa kila mdudu udongoni kwa chekeche la unga, maana yeye, pamoja na vyombo vyake vyote, wadudu humponyoka.

Nilidhani baba atakataa. Alivaa kanzu safi, akapaka mafuta ya karafuu. Kwenye gari nilimwomba Mungu kwa maneno ya wazi kabisa: aone kwamba ni kazi ya watu wenye akili, arudi nyumbani, ale.

Bosi alimwekea kiti mbali na sinki. Siku hiyo hatukuwa na tumbo mezani, nilikuwa nimehakikisha. Kulikuwa na visahani tu, vimepangwa. Baba akavitazama kwa adabu ya mgeni, mkono mmoja ukishika bakora, mpaka akafika kwenye kisahani cha mabuu makubwa meupe, yale yaliyojikunja kama kidole cha mtoto. Akainama.

"Huyu chonga," akasema.

Chonga ndiye aliyemfilisi. Ni mbawakawa mwenye pembe anayetoboa mnazi kileleni mpaka unakufa, na mabuu yake hukulia kwenye magogo ya minazi iliyooza. Baba alikuwa na shamba, na utoto wangu wote nilimwona akipanda juu na waya wenye ndoano, akimvuta chonga mmoja mmoja kwenye tundu, akimtukana. Mwishowe minazi ilibaki nguzo. Nikatafsiri. Bosi akasema kwa upole kwamba huyu si yule, ni jamaa yake tu, wa huku, anayekula mizizi ya nyasi. Baba akasema jamaa ya chonga ni chonga. Akauliza kama yule mnyama, hakulitaja jina, anawala hawa. Nikamwambia anawala. Wengi? Wengi, akiwapata.

"Anawatafuta au anawakuta tu?"

Bosi akafungua mikono, akasema hilo ndilo asilolijua, ndilo lililomleta. Baba akasema bila shaka anawatafuta, kwani aliyeonja mnofu hawezi kuusahau, na bosi akasema huenda, lakini huenda haitoshi, anahitaji ushahidi. Wakabishana hivyo kwa muda, mimi katikati nikitafsiri, kila mmoja akiwa amefurahi. Kisha baba akaomba kuangalia kwenye hadubini. Akakaa hapo. Akaona kichwa cha kiwavi, taya za sisimizi, bawa la nyenje. Akasema "Subhanallah" mara nyingi. Mwisho akauliza vitu hivi vinatolewa ndani vikiwa katika hali gani, na kijana fundi, kwa ukarimu wake, akafungua friza kabla sijamzuia, akatoa mfuko, akamwonyesha.

Baba akautazama. Akatikisa kichwa kama anayeelewa. Akashukuru.

Njiani alizungumza kuliko siku zote tangu afike. Alisema kumbe yule mnyama naye ana kazi aliyopewa, na kwamba laiti angejua zamani asingewafukuza wale waliokuwa wakifukua magogo yake usiku. Alisema bosi wangu ni mtu mwenye subira. Alisema, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Kazi yako ni nzuri, mama. Nitawaambia watu."

Nikapika kama mwendawazimu. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki wenye ukwaju, mchicha, kachumbari. Nikatandika mkeka, maana mezani hajapata kupazoea. Akaja, akanawa, akakaa. Akasema bismillahi. Akamega tonge, akalishika, akaliinua nusu ya njia. Akalirudisha sahanini.

"Zamani nilikuwa nikikisia," akasema. "Leo nimeona."

Nikainuka, nikaenda bafuni, nikafungua maji ili asinisikie. Nilikuwa na hasira naye, na kijana wa friza, na nguruwe wote wa dunia na babu zao waliokuja na merikebu. Niliporudi alikuwa bado amekaa mbele ya sahani ile ile, hajainuka, kama mtoto aliyeambiwa hatoki mpaka amalize. Nikamwambia basi, baba, acha. Nikamwita jirani.

Ilibaki hivyo mpaka visa ilipoisha. Niliendelea kupika kila siku, na kila siku nilimwekea sahani, kwa sababu kutomwekea kungekuwa tusi, na yeye aliendelea kuisogeza kwa kidole. Chakula nilikipeleka kazini, kijana fundi akanenepa. Baba aliendelea kuchekecha udongo, na alipoondoka aliniachia ndoo nzima. Uwanja wa ndege tulikumbatiana muda mrefu. Hatukuzungumzia chakula. Nilirudi Minto nikiwa nimeshindwa katika jambo moja nililolitaka, na sikujifariji.

Alipofika Pangani nilingoja apumzike, kisha nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Baba yako amefika salama, yuko nje na watu wake, wamemjia kumwamkia tangu asubuhi." Akavuta pumzi, nikajua ana lake. "Lakini wewe umeniharibia kaka yangu."

"Nimefanya nini?"

"Hali kwangu. Anaonja onja tu, anasema mimi sipiki kama wewe. Kila anayeingia anamwambia hadithi moja: nilikuwa nikila mkononi mwa binti yangu asubuhi na jioni, na tangu mama yake atangulie sijala vile. Mpaka majirani wamechoka. Hebu niambie, ulikuwa ukimpikia nini huko?"

Nyuma yake nilisikia watu barazani, na sauti ya baba ikieleza kitu. Machozi yalinitoka, nikayaacha. Nikavuta kiti cha jikoni, nikakaa, nikamtajia vyote: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha, bamia, maharage, mkate wa kumimina wa Ijumaa. Sikuacha hata kimoja.

"Huo mchuzi," shangazi akasema, "nieleze polepole. Kesho nataka nimpikie huo huo."

Nikamweleza. Hakushika vizuri, akaniambia nirudie, nami nikarudia tangu mwanzo.